Jinsi ya kushika maneno ya Kiingereza na klipu za katuni za kuchekesha

Hapa Nakuru, kuanzia Bondeni mpaka Kaptembwo, najua watu wengi sana waliosoma Kiingereza miaka yote ya shule na bado ukiwauliza "what happened?" wanakwama. Grama wako nayo, spelling wako nayo, hata photosynthesis watakueleza vizuri, lakini kunyemelea, kuchungulia, kujikwaa, kumwagikiwa na chai, hayo maneno madogo ya kila siku hawana kwa sababu hayakuwa kwa mtihani. Na hayo ndio yamejaa kwa katuni za kuchekesha, maanake ni nini kinachekesha huko kama si mtu kuteleza, kufukuzwa, kujificha mahali pabaya na kugonga mlango na uso? Ndio maana mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia achana kwanza na ile listi ya maneno mia, tafuta klipu.

Lakini usikae tu ukiangalia. Masaa mawili ya kucheka halafu ulale, umecheka na umelala, neno hata moja halijaingia.

Anza na katuni ambayo haiongei. Najua wengi wanashangaa hapo, lakini nisikize. Katuni ikiongea wewe unapumzika, masikio yanachukua yale yanajua tayari na mengine yanapita, ila ikinyamaza kazi yote ya kusema inabaki yako. Ziko nyingi: zile Tom and Jerry za zamani, zilizoanza Marekani mwaka wa 1940, nyingi ni muziki na kelele tu, na Shaun the Sheep ya Uingereza, iliyoanza 2007, kondoo wanalia, mkulima anaguna, hakuna anayetamka neno la maana. Tena hizi unaweza kuangalia kwa matatu ya Kisumu bila earphone na hukosi kitu.

Kata kipande kifupi, nusu dakika hadi dakika moja, usizidishe. Tuseme umepata hii: paka anapita kwa vidole karibu na mbwa amelala, anakanyaga reki, mpini unaruka unamchapa usoni, anaziba mdomo asipige kelele, anakimbia nje mbali huko anapiga nduru, halafu anarudi polepole kama hakuna kitu imefanyika. Nusu dakika hivi, lakini angalia utajiri uliomo.

Mara ya kwanza cheka tu, usiandike. Mara ya pili anza kusema kwa sauti kila kitu unaona kinafanyika, kwa Kiingereza ulicho nacho, na ukikosa neno usisimame, weka la Kiswahili uendelee mbele, "the cat is ananyemelea the dog, he is kukanyaga a rake." Inaonekana ni mchezo lakini hapo ndio umejionyesha mwenyewe mapengo yako yako wapi, na hayo mapengo ndio ya kutafuta, mengine achana nayo. Kuna dada mmoja jirani yangu anauza mitumba, tulianza naye hivi, akawa anageuka kila saa kuniuliza, "Kaka, huyu paka sasa amefanyaje?" namwambia, "Dada, wewe ndio utaniambia." Alikasirika kidogo, lakini neno alilolitafuta mwenyewe halikumtoka tena.

Sasa tafuta. Ukiandika neno kwa programu ya kutafsiri inakupa jibu moja na saa zingine si lile, kwa hivyo chukua hilo jibu uliweke kwa Google upande wa picha, picha zikifanana na kile paka alikuwa anafanya basi umelipata. Hii inasaidia sana kwa maneno yanayokaribiana. Ukiteleza kwa matope ni "slip", ukijikwaa kwa jiwe ni "trip", na zote mbili mwisho wake unaweza ukawa "fall", na picha zitakuonyesha hiyo tofauti haraka kuliko maelezo yoyote. Kwa yule paka wetu utatoka na "tiptoe", "step on", "handle", "scream", "sneak back". Tano, saba hivi, zinatosha kabisa kwa klipu moja.

Andika kwa daftari, lakini andika sentensi nzima, usiandike neno peke yake. "He steps on a rake." "The handle flies up and hits him in the face." Ukiandika "step" peke yake, kesho utasema "he stepped the rake", ile "on" imepotea. Halafu funga simu uhadithie tena kama kitu kilifanyika jana, hapo ndio utakutana na vile vitenzi vinasumbua wengi huku kwetu: "flies" inakuwa "flew", na "hit" inabaki "hit", hakuna "hitted" mahali popote.

Kurudia ndio roho ya hii kazi yote, na watu wanaruka hapo. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka wa 1885, na alichoonyesha ni kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni halafu inapungua. Kwa hivyo rudia kesho, rudia tena baada ya siku tatu, halafu wiki. Na usirudie kwa kusoma daftari. Weka ile klipu, sema mwenyewe ukiangalia, ukikwama ndio ufungue daftari.

Ukishazoea, wiki mbili tatu hivi, ingia kwa zile zinaongea. Peppa Pig ni nzuri kuanzia, ya Uingereza tangu 2004, kipindi kimoja ni kama dakika tano na wanaongea wazi, usione haya eti ni ya watoto. Angalia bila maandishi kwanza, halafu washa maandishi ya Kiingereza (ya Kiswahili usiwashe, macho yatakimbilia huko na masikio yatalala), halafu zima uangalie tena. Kwa YouTube ukiona maandishi yameandikwa "auto-generated" ujue ni mashine imeandika na inakosea, usinakili kila kitu. Wakienda mbio, settings iko na speed, weka 0.75, na ukigonga kioo mara mbili upande wa kushoto inarudi nyuma sekunde kumi. Quality shusha hadi 240p ama hata 144p, paka bado utamwona na bundles zitakaa.

Chunga pia Kiingereza chenyewe ni cha wapi. Katuni za Marekani zitakupa "flashlight", "diaper" na "cookie", huku sisi shuleni na kazini tunasema "torch", "nappy" na "biscuit". Na "pants" Marekani ni suruali, Uingereza ni chupi, hiyo uijue kabla hujaenda interviu ya duka la nguo.

Jambo lingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote, tafuta mtu mmoja wa kufanya naye. Yule dada wa mitumba ana shangazi yake Kisumu, Nyalenda, wamekubaliana kila Jumapili mmoja anarekodi voice note akieleza klipu bila kutaja ni katuni gani, mwenzake anasikiza na kuchora ama kuandika alichoelewa, halafu ndio anatumiwa klipu yenyewe walinganishe. Shangazi akichora paka amekalia reki badala ya kuikanyaga, basi sentensi ilikuwa na shida, wanatafuta pamoja ni wapi, na dada anarekodi tena. Voice note ya dakika moja inatosha, na ukiwa mwenye kueleza usiisome kwa karatasi, ongea tu ukikumbuka picha.