Kuilinda kompyuta ya mwanafunzi dhidi ya virusi: anza na flashi na programu zilizokrekiwa

Mwanafunzi wa Dodoma anayetaka kuilinda kompyuta yake mpakato aanze kwa kutazama mambo mawili anayoyafanya mara kwa mara, yaani kuchomeka flashi kwenye kompyuta za steshenari na kusakinisha programu za kulipia zilizokrekiwa, yaani zilizovunjwa ulinzi wa leseni ili zitumike bure. Antivirusi ina kazi yake, lakini haimsaidii sana mtu ambaye flashi yake imezunguka kwenye mashine za kila aina na ambaye huizima antivirusi yenyewe kila inapomwonya.

Kompyuta ya steshenari, iwe Ng'ong'ona, mjini au jirani na chuo kingine chochote, hupokea flashi za watu wengi kwa siku, hasa katika wiki za kukusanya kazi, na mwenye duka hana muda wa kukagua moja moja. Tenga basi flashi ndogo ya kuchapishia tu, uweke ndani yake faili ya PDF unayokwenda kuitoa na si kitu kingine, na ukirudi uifomati, yaani ufute kila kilichomo, kabla ya kuitumia tena. Ikiwa mwenye duka hupokea kazi kwa WhatsApp, mtumie huko, kwa kuwa faili ikishakwenda hairudi na mzigo wowote. Usifungue barua pepe yako kwenye kompyuta yake, kwani programu hasidi inayorekodi vitufe unavyobonyeza inaweza kuwa imeshaichukua nywila yako kabla karatasi haijatoka kwenye printa.

Kirusi ambacho wanafunzi wengi wanakifahamu kwa sura ni kile cha shotkati (njia ya mkato ya kufungulia faili). Unafungua flashi na kukuta kila folda imekuwa shotkati yenye kimshale pembeni, ukubwa wake kilobaiti moja au mbili tu, na unadhani kazi zako zimefutika. Mara nyingi hazijafutika, bali zimefichwa, na kile kishotkati ndicho kinachokiamsha kirusi unapokibofya. Usikibofye, na usifomati flashi kwa hasira. Kwanza ikague kompyuta yenyewe kikamilifu, kwa sababu ikiwa kirusi kimo ndani yake kitairudia flashi mara tu unapoisafisha. Kisha chomeka flashi, tazama imepewa herufi gani, fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike amri ifuatayo, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda halisi zitaonekana tena. Nakili nyaraka zako peke yake, yaani Word, PDF, Excel na picha, uache kila faili inayoishia na .lnk, .vbs, .js au .exe, ndipo uifomati flashi. Ili uweze kuiona miisho hiyo, nenda kwenye mipangilio ya File Explorer na uiamuru Windows ionyeshe miisho ya majina ya faili, kwa kuwa kwa kawaida huificha, na faili iitwayo orodha.pdf.exe huonekana kama orodha.pdf. Faili za namna hiyo hupenda kuzunguka kwenye makundi ya wanafunzi wakati majibu ya mkopo yanaposubiriwa. Majibu yako ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, yatazame kwenye akaunti yako ya SIPA, ile ya mwombaji mkopo.

Programu zilizokrekiwa ni shida nzito zaidi, maana hapo mwanafunzi humkaribisha mgeni na kumpa funguo. Maelekezo yanayokuja na kreki karibu kila mara husema uzime antivirusi kwanza, kisha uiendeshe kama msimamizi wa kompyuta. Aliyetii maelekezo hayo hana tena njia ya kujua nini kingine kimesakinishwa. Najua bei za leseni hazilingani na mfuko wa mwanafunzi, lakini kwa kazi nyingi za chuo zipo programu halali za bure. LibreOffice hufungua na kuandika faili za Word na Excel, PSPP na R hufanya takwimu ambazo wengi huzitafutia SPSS ya kulipia, na mwanafunzi wa mipango au jiografia anayechora ramani atafika mbali na QGIS bila ArcGIS ya kuiba. Zipakue kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe.

Kuhusu antivirusi, Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 inatosha kwa wanafunzi walio wengi, mradi iwe imewashwa na imesasishwa. Ukikuta antivirusi ya majaribio iliyokwisha muda wake, iondoe.

Masasisho ya Windows hula bando, kwa hiyo yafanye ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, lakini usiyazime kabisa. Kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu kwa kudai fedha, Microsoft ilikuwa imeshatoa sasisho la kuziba tundu la usalama kilimopitia tangu Machi mwaka huohuo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta ya mtumba isiyokubali Windows 11 anaweza kuhamia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure.

Tasnifu iwe na nakala mbili nje ya kompyuta: moja kwenye Google Drive, nyingine kwenye diski inayochomolewa mara baada ya kunakili, kwa sababu kirusi cha kudai fedha hufunga hata diski iliyochomekwa.

Kompyuta ikishaambukizwa, kata intaneti, badilisha nywila zako kwa kutumia simu, kisha endesha ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao, ambao huiwasha kompyuta upya na kuikagua kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijaanza kazi. Ikishindikana na ukalazimika kwenda kwa fundi, mwambie mapema kwamba hutaki Windows ya kreki. Kompyuta mpakato nyingi zilizouzwa na Windows 8 au zaidi zina ufunguo wa leseni ndani ya bodi zake, na ukisakinisha toleo lilelile, Windows hujithibitisha yenyewe inapopata intaneti.