Somo: Kubeba gunia bila kujivunja kiuno

Nilipakia unga hapa Nakuru miaka sita kabla kiuno hakijanitia adabu. Wala gunia halikuwa zito. Lilikuwa la pumba. Nilimgeukia mwenzangu nimpe, miguu ikabaki palepale. Kikalia "ta!" Wiki tatu sikuinama kufunga kamba za viatu.

Hatua ya 1. Jua uzito kabla ya kushika. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, huanzia kilo 23 kwa mtu mmoja, tena mambo yote yakiwa sawa. Gunia letu la mahindi ni kilo 90! Hata mkiwa wawili bado mmepita, kwa hiyo tafuta troli. Lumbesa ya viazi usiiguse.

Hatua ya 2, ambayo vijana huiruka: miguu. Tanguliza mmoja, kunja magoti, kumbatia gunia ligande tumboni. Likikaa mbali na kitovu, pingili za kiunoni ndizo zinazolipa. Ukitaka kugeuka, vidole vya miguu vigeuke kwanza, kiuno kifuate. Jaribu mikono mitupu hadi mwili uzoee.

Hatua ya 3. Safu ya chini iwekwe juu ya paleti, yaani jukwaa la mbao. Kuokota sakafuni ndiko kunakoumiza zaidi.

Hatua ya 4. Badilishaneni zamu: anayeinua, anayesukuma troli, anayehesabu.

MASWALI

Mkanda wa kiuno unasaidia?
Sijaona ukimwokoa mtu, na NIOSH hawaupendekezi kwa mtu mzima wa afya. Hukupa ujasiri wa kubeba usichokiweza.

Kaka, sisi tunalipwa kwa gunia. Nikisukuma troli nitakula nini?
Hapo umenigusa. Kundi letu lilikubaliana kugawana hesabu ya lori zima, ndipo wa troli akaacha kupunjika. Mlianzishe nyinyi, msimsubiri bosi.

Mimi niko Kisumu, hushona midomo ya magunia. Usiku kidole gumba na viwili vinavyofuata hufa ganzi.
Pole dada. Huenda neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Inua meza ili kifundo kisikunjike unaposhona, na uende kliniki kabla hujaanza kuangusha vikombe. Mwandikie msimamizi barua: chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, mwajiri akishaarifiwa ajali ana siku 7 kuipeleka kwa mkurugenzi wa usalama kazini, na kuna magonjwa ya kazini yanayofidiwa pia. Ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.