Tizi la usiku na usingizi: pima mwenyewe

Wakuu, swali la kama tizi la usiku linaharibu usingizi limeulizwa humu mpaka limechakaa. Najibu leo, kesho nitakuelekeza hapa.

Mazoezi ya jioni hayawasumbui wengi. Kinachosumbua ni zoezi kali linaloisha chini ya saa moja kabla ya kulala: mapigo bado yako juu, mwili una joto, na usingizi huja mwili ukipoa. Kila mtu ana kiwango chake, kwa hiyo pima.

1. Chagua zoezi moja, mfano mchakamchaka wa dakika 40.
2. Wiki ya kwanza saa 12 asubuhi, ya pili saa 12 jioni, ya tatu saa 2 usiku.
3. Lala saa ileile wiki zote.
4. Pima mapigo kila ukiamka. Hapa ndipo nilipoboronga, soma polepole. Pima ukiwa umelala chali, kabla ya kushika simu. Ukibanwa, nenda chooni, kisha rudi ulale dakika 5. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. USIPIMIE dole gumba, lina mshipa wake unaodunda, litakuchanganya. Hesabu sekunde 60 kamili. Ukihesabu 10 ukazidisha kwa 6, ukikosea pigo moja umekosea sita, na tofauti unayoitafuta huenda haifiki hata hapo.
5. Futa siku za homa na za pombe.
6. Linganisha wastani wa wiki: wiki yenye mapigo ya chini ndiyo mwili ulipumzika vizuri zaidi.

*Kwa hiyo nifanye asubuhi au jioni?*
Hatua ya 2.

*Nimepata 71 jana, leo 82. Kipimo hiki uongo.*
Ulipima umelala?
*Nimesimama, nachemsha chai.*
Basi hayo ni mapigo ya kuchemsha chai.

*Nafika nyumbani saa 3 usiku, niache kabisa?*
Usiache, punguza. Tembea haraka kwa kasi ambayo bado unamaliza sentensi bila kukata pumzi, dakika 10 za mwisho taratibu. Oga maji ya uvuguvugu: mishipa ya ngozini hutanuka na joto hutoka.

*Mbona jioni najisikia mwepesi kuliko asubuhi?*
Swali zuri. Joto la mwili huwa chini kabisa alfajiri, hupanda mpaka jioni, na misuli yenye joto hujikunja haraka zaidi. Asubuhi pasha mwili dakika 15 badala ya 5. Ila asubuhi ina faida yake: mwanga wa jua huiwahisha saa ya mwili, kwa hiyo anayechelewa kupata usingizi akimbie nje, asikimbie ndani.

*Kahawa kabla ya tizi la jioni?*
Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu. Kikombe cha saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu bado unayo. Utalaumu mchakamchaka bure.

*Mama anatumia atenolol, dawa ya presha.*
Dawa hiyo hushusha mapigo, namba zake asizilinganishe na zako. Atumie kipimo cha sentensi, na asibadilishe muda wa dawa bila daktari.

*Na Ramadhani?*
Zoezi jepesi, limalizike karibu na futari ili maji yasiwe mbali. Zoezi kali lisubiri muda wa saa mbili tangu umalize kula, na wiki hizo usizichanganye kwenye hesabu.