Unataka kupungua, uko timu ya shule na pepa zinakuja: anza na saa, sahani itafuata

Form three kocha alinisimamisha mbele ya timu nzima ya netiboli akasema, we mtoto ukitoa kilo sita hapo nakupa namba ya senta. Basi, akaendelea na mambo yake. Hakusema nizitoe vipi na mimi sikuuliza, nani alikuwa anamuuliza kocha swali kipindi kile. Nikajitungia dayati yangu: asubuhi chai ya rangi, mchana maji, jioni mazoezi, alafu nikifika home saa moja usiku nina njaa ya kufa nakula wali wa watu wawili, nalala na yunifomu, daftari halijafunguliwa. Wiki tatu hivyo. Nikapungua kilo moja na nusu, hesabu nikapata 23, na jumatatu moja nikaanguka paredi wakanibeba kama gunia shule nzima inaangalia.

Saivi nafundisha netiboli watoto wa sekondari na kila mwaka namkuta mwingine anarudia yaleyale, anadhani kupungua maana yake ni kushinda na njaa. Nikimwambia anisimulie siku yake inaendaje nakuta tatizo halikuanzia kwenye sahani, limeanzia kwenye saa. Analala saa sita usiku, anaamka saa kumi na nusu kuwahi daladala, hajatia kitu tumboni, saa nne kantini maandazi matatu na soda, mchana anaruka, usiku anafidia vyote. Huyo hata umlishe mchicha mtupu hatapungua, na darasani atasinzia tu.

Ila kabla hatujafika huko, jiulize kwanza kama una mwili wa kupunguza kweli. Ile hesabu ya BMI, ya kulinganisha uzito na urefu, ya kusema ukifika 25 umezidi ni ya watu wazima, nyie hamuhusiki nayo, Shirika la Afya Duniani lina chati zake za miaka 5 mpaka 19 zinazoangalia umri na jinsia. Nenda kituo cha afya wakupime urefu na uzito wakusomee hiyo chati, usijihukumu kwa kujiangalia kwenye kioo cha bafuni au kwa sababu mtu kakuita bonge. Msichana akiwa kwenye balehe nyonga na mapaja yanaongezeka, ndio maumbile yenyewe. Na kijana anayerefuka wakati uzito wake umekaa palepale, huyo tayari anapungua bila kufanya kitu. Wengi wenu hamuhitaji kushusha namba, mnahitaji isipande tu wakati urefu unaendelea na safari yake.

Kama mpimaji amesema kweli umezidi, spidi nzuri ni nusu kilo kwa wiki na wala usijali ikiwa chini ya hapo. Na chagua muda wako. Likizo ya Desemba sawa, mwanzo wa mwaka sawa. Wiki mbili kabla ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, hapana, na kama uko form four mtihani wa taifa ni Novemba, kwa hiyo Oktoba usianze ujanja wowote.

Haya, saa. Chukua daftari lenye vyumba vyumba lile la hesabu. Kila chumba ni nusu saa, siku nzima ina vyumba 48. Kwa siku tatu paka rangi ulichofanya, usidanganye maana hakuna anayekusahihisha. Yangu ilitoka hivi, usingizi vyumba 11, shule 14, daladala kwenda na kurudi 5, mazoezi 3, kula na kuoga na kuosha vyombo 4, homuweki 2. Jumlisha, ni 39. Vyumba tisa sikujua vimeenda wapi, yani saa nne na nusu kila siku, mimi ambaye nilikuwa nalia sina muda. Vingine vilikuwa simu, vingine vilikuwa chini ya mwembe.

Huo mwembe ndio ulioniokoa mwaka uliofuata. Shule ilikuwa inatoka saa nane na nusu, mazoezi saa kumi. Hapo katikati kuna saa nzima na nusu ambayo timu yote tulikuwa tunakaa kivulini tunakula sambusa tunamsema kocha. Nikabadilisha kitu kimoja tu: dakika ishirini za kwanza nakula chakula cha maana nilichobeba kwenye hotipoti, zilizobaki nafanya hesabu na fizikia, zile kazi zinazotaka akili ikiwa bado na moto. Historia na bailojia za kusoma tu nikaziachia usiku. Mwanzoni wenzangu walinicheka, wakaniita profesa, baada ya mwezi walikuwa wawili wameshavuta madaftari wananakili, ikabidi niwafundishe ili waache kunakili, na kumfundisha mtu hesabu ndio njia ya kuielewa kuliko zote. Kwa hiyo jioni narudi home homuweki nzito imeisha, nakula, nasoma kidogo, saa tatu usiku simu namkabidhi dada nalala mpaka saa kumi na moja alfajiri. Saa nane kamili. Mtu wa miaka 13 mpaka 18 anatakiwa alale saa nane mpaka kumi, na sio mapambo, usipolala njaa inaongezeka siku inayofuata na mwili unataka vitu vya sukari na mafuta, we mwenyewe si umeshaona ukikesha asubuhi unavyotamani vitumbua.

Sasa ndio tuje kwenye msosi. Kitu cha kwanza nilichotoa ni soda. Chupa ya 350 ina sukari kama vijiko vidogo tisa, na mimi nilikuwa nakunywa moja kila siku ya shule na chai vijiko vitatu mara mbili. Cha pili vitu vya kukaanga vya saa nne nikavifanya vya ijumaa tu. Ugali sikuutoa. Nasisitiza hapa kwa sababu kila mtu akitaka kupungua anakimbilia kuukata ugali na wali, na kwa mtu anayekimbia uwanjani saa na nusu huo wanga ndio petroli yake, ukiutoa utakimbia robo ya kwanza tu alafu unabaki kutembea.

Asubuhi kula, hata kama ni kiporo cha maharage na kiazi kitamu, au uji mzito na yai la kuchemsha. Saa nne karanga kidogo, chungwa, au lile yai la wauzaji wa nje ya geti, toa chumvi nyingi tu. Mchana usiruke. Ndizi mbivu saa moja hivi kabla ya mazoezi, usiende na tumbo tupu. Usiku sasa ndio gawa sahani, siku ya kawaida nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo ugali au wali, robo maharage, samaki, dagaa, kuku, chochote kilichopo. Siku ya mazoezi makali au ya mechi ongeza wanga upunguze mboga, usiogope. Dagaa msiwadharau eti chakula cha shida, unawatafuna na mifupa yao unapata kalisiamu na umri huu ndio mifupa inajengwa. Wasichana madini ya chuma tunapoteza kila mwezi, kwa hiyo mchicha na maharage viwepo, kamulia limau juu, na chai ya rangi isogeze mbali na mlo maana inazuia chuma kisiingie vizuri mwilini.

Wa bweni najua mtaniambia dada sisi hatuchagui, ni ugali maharage na makande mwaka mzima. Sawa, ila kwenye foleni unaweza kuomba maharage yaongezwe na ugali upunguzwe kidogo, na kama shule inaruhusu, kwenye tranka karanga na dagaa wa kukaangwa wawe na nafasi kuliko biskuti. Na nyie mna prepo ya lazima na taa zinazimwa, kwa hiyo kwenye saa mmetuzidi.

Wanaofunga Ramadhani, mwezi ule usiwe mwezi wa kupungua. Fanya mazoezi mepesi karibu na kufuturu ili maji yawe karibu, na futari isiwe sinia zima la kukaanga, basi.

Mazoezi ya ziada hapa wengi mnazidisha. Vijana wanaambiwa wachangamshe mwili angalau dakika 60 kwa siku, we wa timu ukishamaliza mazoezi ya jioni umeshalipa deni hilo na chenji inabaki. Usiongeze kukimbia alfajiri kilomita saba juu yake. Ukitaka kuongeza, kuruka kamba dakika kumi, skwati na planki mara mbili au tatu kwa wiki, na siku moja nzima ya kupumzika kabisa. Kabisa maana yake hata zile pushapu za kujificha chumbani acha.

Sasa ile ya kujifunga nailoni tumboni na jaketi zito alafu unakimbia jua la saa tisa, jamani. Lile ni jasho, mafuta hayatoki hivyo. Lita moja ya maji ni kilo moja, unaitoa kwa jasho, unapima unafurahi, unakunywa maji imerudi. Na kuna wanaokufa kwa huu mchezo, mwaka 1997 huko Marekani wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache tu wakijikausha maji ili waingie kwenye uzito wao, ikabidi sheria za kupima uzito zibadilishwe. Walikuwa na makocha na vifaa hao, we uko peke yako na jaketi la kaka.

Chai za kupunguza tumbo nazo nyingi ukisoma pakiti utakuta sanamaki, ambayo bibi zetu walikuwa wanawapa watu waliofunga choo. Unaharisha, maji yanatoka, mizani inashuka, mafuta yapo palepale yanakuangalia. Vidonge vya kukojoza maji ndio usiguse kabisa, vipo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, ukipimwa umejimaliza.

Wasichana nisikilizeni hapa. Mwaka 2013 kuna binti wa Marekani anaitwa Mary Cain alifika fainali ya mita 1500 kwenye mashindano ya dunia Moscow akiwa na miaka 17. Baadae akaja kusema hadharani, mwaka 2019, kwamba alishinikizwa apungue na apungue tena, akakaa miaka mitatu bila kuona siku zake na akavunjika mifupa mitano. Kwa hiyo hedhi ikipotea usishangilie kwamba umepumzika na pedi. Ikipita miezi mitatu hujaona, au unasikia maumivu ya sehemu moja tu kwenye mfupa wa muundi yasiyoisha, au kizunguzungu kila ukisimama, au umeanza kujitapisha baada ya kula, mwambie mama au matroni na uende hospitali, na kupungua kunasimama siku hiyohiyo. Wavulana pia, nyie mnaanza kuumwa mafua kila wiki na nguvu zinaisha mnasema ni malaria.

Mizani, mara moja kwa wiki na iwe ileile. Mimi nilikuwa napima pale stendi kwa mia mbili, kwenda shule kwa huyu, kurudi kwa yule, siku moja nimeongezeka kilo mbili ndani ya saa nane, nikalia kwenye daladala mpaka konda akaniachia nauli. Kumbe mizani za watu wawili hazijawahi kukubaliana toka zitengenezwe. Baadae nikawa naangalia sketi ya shule tu, kile kishikizo cha kiunoni, nimesogea tundu moja au sijasogea.

Wiki za mitihani shusha mazoezi, kaa na siku mbili nyepesi na kamba ya dakika kumi na tano baada ya kusoma, kula kama kawaida, usijaribu kupungua hata gramu. Mwongee na kocha mapema, sio siku ya mechi. Mimi yule kocha wangu wa pili nilimpelekea lile daftari la vyumba, nikasema, shikamoo kocha, naomba wiki hizi mbili nije jumanne na alhamisi tu, mitihani hii hapa. Akaliangalia muda mrefu, akauliza mbona hapa kwenye kula umepaka kidogo hivi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa mama. Ukikataa chakula nyumbani kwetu ni kama umemtukana mpishi, nikisema nimeshiba anauliza nani kakuroga. Kwa hiyo sikukataa, niliomba kupika. Nikawa napima mafuta ya mboga kwa kijiko cha chakula, vijiko viwili kwa sufuria ya watu sita, badala ya kumimina kutoka kwenye dumu mpaka roho iridhike. Siku ya kwanza mama alionja mchicha akanyamaza, akachukua dumu akaongeza kwenye sahani yake mwenyewe. Wiki ya tatu nilimkuta jikoni ameinama na kijiko mkononi anahesabu, akaniambia, na wewe usinichungulie, hela ya mafuta imebaki mpaka leo tarehe 28.