Diski ya nje haisomi: anza na waya, kufomati baadaye sana

"Fundi, eksteno yangu haisomi." Mimi hujibu kwa swali: haisomi vipi? Maana neno hilo moja limebeba maradhi mengi. Kuna diski isiyowaka hata taa. Kuna inayowaka ikalia kama kifaranga. Kuna inayozunguka vizuri kabisa, ila ukifungua This PC huioni. Na kuna inayoonekana, lakini ukiigusa tu kompyuta inataka uifomati. Dawa ya moja ni sumu ya nyingine, kwa hiyo nenda na mpangilio huu kama ulivyo. Tunatoka nje kuingia ndani, tunaanza na vitu vya bei rahisi, na hatuandiki chochote kwenye diski mpaka vilivyomo viwe vimetoka.

Hatua ya 1: Ishike kiganjani

Kabla hujagusa mausi, chomeka diski, ishike kiganjani sekunde kumi hivi, kisha isogeze sikioni. Diski ya kawaida, yenye sahani ndani, utaisikia ikijivuta na kuanza kuzunguka: mtetemo mdogo, laini, usiokatika. Ukiusikia huo, shusha pumzi. Mwili wake una nafuu, na huenda hatua ya 3 ndiyo yako.

Ikiwa kimya na taa haiwaki, umeme haufiki. Ikijaribu kuanza, ikakata, ikajaribu tena, au ikitoa mlio mwembamba wa pii, pii, basi umeme unafika lakini hautoshi, au mota imeshindwa kuzunguka kwa sababu vichwa vya kusomea vimenata juu ya sahani. Hili la kunata huja sana baada ya diski kuanguka.

Ikigonga tak, tak, tak kwa mpigo mmoja, chomoa. Usijaribu kwenye kompyuta ya jirani, wala usirudie mara moja tu "kuhakikisha". Kichwa kilichoumia kinaweza kuikwaruza sahani kila inapozunguka, na palipokwanguka hapana programu ya kuparudisha. Usiitie kwenye friji kama watu wanavyoambiana. Ikitoka itatoa jasho, na jasho hilo ni maji. Wala usifungue kifuniko cha diski yenyewe. Vichwa huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na kwa kimo hicho chembe ya vumbi ni jabali. Kazi hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake si ya mchezo.

Kama yako ni SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, ukimya wake si dalili ya chochote. Ndani hakuna kinachozunguka.

Hatua ya 2: Mshuku waya kabla ya diski

Diski nyingi za mfukoni, zile za inchi 2.5, hazina umeme wake. Hunyonya kwenye tundu la USB. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900. Diski ikishashika mwendo haili sana, lakini ile dakika ya kuanza kuzunguka huvuta zaidi, pengine hukaribia ampea nzima. Sasa iweke kwenye waya mrefu mwembamba, kupitia habu iliyokwisha kubeba flashi, mausi na kifeni cha mezani, au kwenye tundu la mbele la desktopu lililolegea. Itakohoa tu. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu iliyo kwenye chaji, au nyuma ya desktopu, ambako matundu yameungwa kwenye bodi mama yenyewe.

Kisha badilisha waya. Najua unao mmoja tu, ule mpana wenye ncha iliyogawanyika sehemu mbili, na duka la karibu limefungwa. Itazame ncha hiyo vizuri: sehemu iliyo pana zaidi ina umbo lile lile la waya wa simu za zamani, kabla ya USB-C. Waya wa simu unaingia hapo. Sehemu nyembamba ya pembeni itabaki wazi, na diski itafanya kazi kwa mwendo wa USB 2.0, polepole, lakini itafanya kazi. Sharti uwe waya wa kupitishia data, maana baadhi ya nyaya za simu ni za kuchajia tu.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea diski yenye mitihani na picha za familia za miaka mingi, ameshaambiwa kwingine kwamba imekufa. Nikaitazama ncha ya waya kwa lenzi: pini mbili zimelala, nyingine ina kutu ya kijani. Nikatoa waya wa simu kwenye droo, nikachomeka. Taa ikawaka, mafolda yakajipanga.

"Mwalimu, hii huwa unaichomoaje?"

"Si navuta waya, baba. Kwani inachomolewaje?"

Huku pwani hewa ina chumvi, na kutu ya kijani kwenye pini ni jambo la kawaida. Mswaki wa zamani na spiriti ile inayokauka haraka, isopropili, vinatosha kusafisha tundu la diski. Liache likauke kabisa kabla ya kuchomeka.

Diski kubwa za mezani, za inchi 3.5, zina adapta yake, kwa kawaida ya volti 12. Isome kabla ya kuchomeka. Adapta ya laptopu ni volti 19 hivi, na baadhi zina ncha inayoingia vizuri kabisa kwenye tundu hilo. Ikishaingia, diski inanyamaza papo hapo. Kama una bahati, kilichokufa ni kijidiodi cha kinga tu kwenye bodi, kilichojitoa mhanga. Fundi mwenye mita atakijua kwa kupima, usitupe diski.

Hatua ya 3: Usitazame This PC, tazama Disk Management

This PC inaonyesha tu kilicho na herufi na ambacho Windows inakielewa. Bonyeza Windows + R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Diski zote zitajipanga chini: Disk 0 kwa kawaida ndiyo ya ndani, yako itakuwa Disk 1 au zaidi. Soma kilichoandikwa pale, na kama dirisha lolote likikurukia na swali, gonga Cancel kwanza.

Ukikuta mstari wa buluu, neno Healthy na jina la mfumo wa mafaili (kama NTFS au exFAT), ila hakuna herufi, una kazi ya nusu dakika. Bofya kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Add, chagua herufi. Imekwisha.

Ukikuta neno RAW, yaani Windows haiuelewi mfumo wa mafaili uliopo, au kompyuta ikisema "You need to format the disk in drive E: before you can use it", jiulize kwanza diski ilitumika wapi mara ya mwisho. Kama ilitoka kwenye Mac, huenda haina ugonjwa wowote: Windows haisomi APFS wala HFS+, mifumo ya mafaili ya Mac, bila programu ya nyongeza. Irudishe kwenye Mac, utaona kila kitu. Kama ilikuwa kwenye televisheni, kuna televisheni ambazo huifomati diski kwa namna yake ili zirekodi vipindi, na wewe uliyebonyeza OK kwa rimoti ndiye uliyeidhinisha. Kama haikutoka popote, ramani ya mafaili imeharibika, aghalabu kwa sababu ilichomolewa au umeme ulikatika ikiwa inaandika. Mafaili yenyewe mara nyingi bado yapo. Gonga Cancel, kisha nenda hatua ya 4.

Mpiga video mmoja wa harusi alifika hapo akabonyeza Format, "si nitarudisha na programu, fundi?" Ilikuwa fomati ya haraka, kwa hiyo video hazikufutwa, lakini ramani mpya iliandikwa pale pale. Tulizitoa kwa siku kadhaa, bila majina, bila mafolda, harusi sita zimechanganyika kama karata, na baadhi ya video ndefu zimekatika katikati. Bwana harusi wa Jumamosi anaingia ukumbini, keki inakatwa na bibi harusi wa Jumapili. Angebonyeza Cancel, kazi ingekuwa nyepesi mno.

Mstari mweusi wenye neno Unallocated, au Not Initialized huku Windows ikikuuliza MBR au GPT (mitindo miwili ya kugawa diski): kama diski ni mpya kutoka dukani, chagua GPT, tengeneza New Simple Volume, endelea na maisha. Kama ilikuwa na vitu, usichague chochote. Nenda hatua ya 5. Ikiandika No Media, au ukubwa usioeleweka, mara nyingi ni bodi ya kwenye kasha au diski yenyewe.

Isipoonekana kabisa hapo, na unaisikia inazunguka, fungua Device Manager. Itafute kwenye Disk drives na kwenye Universal Serial Bus controllers, yenye alama ya mshangao ya njano. Uninstall device, chomoa, washa kompyuta upya, chomeka. Ukiwa hapo hapo, kwenye USB Root Hub, kipengele cha Power Management, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima tundu ili kuokoa umeme. Haya husaidia zaidi diski inayopotea katikati ya kazi kuliko isiyowahi kuonekana.

Kuna wanaosema haisomi kumbe inasoma, ila kila folda imegeuka njia ya mkato yenye kishale. Hicho ni kirusi, na mafaili yamefichwa tu. Pitisha antivirusi kwanza, kisha kwenye Command Prompt andika hivi, ukiweka herufi ya diski yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hatua ya 4: Pima afya kabla ya tiba

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikisema Good kwa buluu, sawa. Ikisema Caution kwa njano, tazama mistari ya 05, C5 na C6. Mstari wa 05 ni sekta, vile vipande vidogo vya diski, zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. C5 ni zile zinazosubiri hukumu. C6 ni zilizoshindikana kusomeka. Thamani ya C5 ikizidi sifuri, diski inaanza kuoza, na kuanzia hapo una kazi moja: kutoa vitu.

Ndiyo maana sipendi mtu kukimbilia chkdsk. Kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili, si kuokoa mafaili yako. Vipande visivyo na mwenyewe itavitupa kwenye folda ya found.000 na majina kama FILE0000.CHK, na juu ya hayo itaichapisha kazi diski iliyo taabani. Kwenye diski nzima iliyochomolewa vibaya tu, chkdsk E: /f ni dawa nzuri. Kwenye yenye C5 inayopanda, ni msumari wa jeneza.

Hatua ya 5: Toa nakala nzima, tibu nakala

Unahitaji diski nyingine nzima, kubwa kuliko mgonjwa, na flashi yenye SystemRescue, mfumo wa Linux unaowashwa kutoka kwenye flashi, ambao una zana zote mbili tunazozitaka: ddrescue na TestDisk. Tumia laptopu yenye betri inayoshika. Kazi hii inaweza kwenda usiku kucha, na umeme tunaujua. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, andika lsblk. Utaona kwa mfano sda 476.9G, ya ndani, sdb 931.5G, mgonjwa, sdc 1.8T, ya kupokelea. Usishtuke: diski ya TB 1 ndivyo inavyoandikwa hapo, hujaibiwa. Ya kupokelea isiwe FAT32, kwani haipokei faili linalozidi GB 4. Ukishaifungua (mount) kwenye folda ya /mnt/nakala:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map

Amri ya kwanza inachota vilivyo rahisi na kuruka pabovu. Ya pili inarudi kugombana na pabovu mara tatu. Faili la .map ndilo linalokumbuka ilipofikia, kwa hiyo kazi ikikatika, rudia amri ile ile na itaendelea. Soma herufi za diski mara mbili kabla ya Enter. Mimi husoma kwa sauti, hata dukani kukiwa na watu.

Kisha testdisk diski.img: Analyse, Quick Search, na ukiona orodha ya mafaili yako kwa kubonyeza P, yanakili kutoka hapo hapo. TestDisk ikishindwa, PhotoRec hutafuta mafaili kwa umbo lake, bila majina.

Kama diski haionekani hata kwenye lsblk lakini inazunguka vizuri, huenda iliyokufa ni bodi ndogo ya kwenye kasha. Fungua kasha la plastiki, si diski, uichomeke kwa adapta ya SATA, tundu la kawaida la diski za ndani. Ila kuna zenye tundu la USB lililochomewa kwenye bodi ya diski yenyewe, hizo hazina SATA ya kuchomeka. Na kuna ambazo bodi ya kasha ndiyo yenye ufunguo wa usimbaji, ukiitoa utasoma takataka tupu. Ukikutana na hizo, rudisha bisibisi mezani.

Vitu vikishatoka, sasa fomati kwa raha zako. exFAT inasomeka Windows na Mac, lakini haina kumbukumbu ya kilichokuwa kinaandikwa, hivyo umeme ukikatika huumia kirahisi. Kama hutumii Mac, weka NTFS.

Ukiona ni bora uilete kwa fundi, iviringishe kwenye kitambaa, usiitupe kwenye mkoba na funguo. Andika kwenye karatasi ilikotumika mwisho, kama ilianguka, na kila ulichobonyeza, hata kile unachokionea aibu. Na njoo na waya wake. Ule ule iliougua nao.