Somo: Mtoto ametoka mabaka baada ya kula. Nimpeleke kwa daktari wa mzio au nisubiri?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Swali hili nimeulizwa na wazazi wanne ndani ya wiki mbili, nikaona niliandike lote mara moja.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Ni mama wa hapa Kirumba, Mwanza, jirani na Mwaloni, na mwanangu wa pili ana mzio (aleji) wa karanga. Tulithibitishiwa akiwa na mwaka mmoja na miezi minane, baada ya kuhangaika miezi saba. Mtoto alikuwa anatoka mabaka, yanapotea, yanarudi, na kila mtu ana jibu lake: joto, meno, sabuni, maji. Duka la dawa nililozoea walinipa sirapu ya kuzuia mwasho, ikiisha narudi nachukua nyingine.

Kilichotufungua macho ni busu. Bibi yake alikuja kutoka Magu na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga za kuchemsha. Akala, akamwagiwa maji mikononi, akampakata mjukuu, akambusu shavuni. Hazikupita dakika kumi shavu likainuka alama nyekundu yenye umbo la midomo kabisa, mdomo wa juu na wa chini, kama mtu kagonga muhuri. Sehemu nyingine zote za mwili zilikuwa safi. Mpaka siku ile nilikuwa nahangaika na ukubwa wa mabaka. Kuanzia siku ile nikawa naangalia saa, na saa ndiyo itakayokusaidia kuamua.

Hatua ya 1: Je, hii ni dharura?

Kama mtoto amekula kitu, amepewa dawa au ameumwa na nyuki, na ndani ya dakika chache hadi saa mbili anahema kwa shida, kifua kinapiga mluzi, sauti imekauka ghafla, ulimi umevimba, anatapika mfululizo huku ana mabaka, au analegea na kupauka, acha kusoma hapa. Kimbilia kituo cha afya kilicho karibu kuliko vyote, hata kama ni zahanati. Anachohitaji ni sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kiasi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 0.1. Hesabu hiyo ni kazi ya mhudumu. Nimeiandika ili usiogope ukisikia neno adrenalini. Dozi ya mtoto ipo na ni ndogo. Ukifika mlangoni sema waziwazi: "Amekula kitu fulani dakika kadhaa zilizopita, sasa hapumui vizuri."

Usimpe sirapu ukakaa kusubiri. Sirapu inapunguza mwasho, haifungui koo. Njiani mlaze mapajani, usimsimamishe wala kumweka begani. Kama kinachomsumbua zaidi ni pumzi, mwache akae. Ndiyo maana bajaji au teksi ni bora kuliko bodaboda hata kama bodaboda inapenya foleni. Na akipata nafuu msikimbilie nyumbani, kwa sababu hali inaweza kurudi saa chache baadaye. Wakisema abaki chini ya uangalizi, abaki.

Mtoto aliyepitia haya hata mara moja, hakuna tena mjadala. Aende kwa bingwa.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyofanana na mzio

Hapa ndipo wengi tunapotea, na nitakaa kidogo.

Upele ule wa kuambukizana unawasha zaidi usiku, unakaa katikati ya vidole, na kwa watoto wadogo hata viganjani na kwenye nyayo. Ukiona dada wa kazi naye anajikuna, na wewe pia, tibuni nyumba nzima kwa siku moja. Hiyo si kazi ya daktari wa mzio.

Vipele vigumu vyenye kidoa katikati, kwenye miguu na mikono, sehemu zilizofunikwa na nguo zikiwa salama, mara nyingi ni mbu, viroboto au kunguni. Harara inakaa shingoni na mgongoni wakati wa joto. Mtoto aliyechezea maji ya ziwa pembeni kwenye magugu akatoka vipele vya kuwasha pale maji yalipofika, mfikirie kichocho kabla ya chakula, na umweleze mhudumu kwamba aliingia ziwani.

Halafu kuna mabaka yanayohama, asubuhi tumboni, jioni mgongoni, na yanaendelea kwa siku kadhaa mtoto akiwa na mafua au homa. Kwa watoto wadogo sababu kubwa ya mabaka ya namna hiyo ni virusi. Mabaka ya chakula kwa kawaida hutoka upesi na kuisha ndani ya saa chache, na hurudi chakula kikirudi.

Pumu ya ngozi, ile ya mashavu makavu na mikunjo ya mikono na miguu, iko katikati. Yenyewe si mzio wa chakula na mara nyingi haisababishwi na chakula. Lakini mtoto mchanga aliyeanza nayo mapema na ikawa kali yuko kwenye hatari zaidi ya kupata mzio wa chakula. Huyu itibu ngozi kwanza: mafuta mazito mara kadhaa kwa siku, na krimu aliyoandikiwa na daktari. Krimu za kuchanganywa vichochoroni ziache, zina dawa kali kuliko ngozi ya mtoto inavyoweza kubeba.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Daftari la shule la kawaida linatosha. Andika alichokula, saa aliyokula, kilichotokea, saa kilipotokea, na kilidumu muda gani. Piga picha kwa simu, maana ukifika kwa daktari ngozi itakuwa nyororo kama haijawahi kutoka kitu.

Daftari langu lilikuwa hivi:

"Jumatatu, uji wa lishe saa 1:30 asubuhi. Mabaka kidevuni saa 1:45. Saa 4 yameisha."
"Jumatano, ugali na sato. Hakuna kitu."
"Alhamisi, mchicha uliotiwa karanga saa 7:10. Mdomo umevimba saa 7:20, katapika mara moja."

Tazama huo uji. Unga wetu ulikuwa na mahindi, ulezi, soya, karanga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Mtoto akikorofishwa na uji kama huo hutajua mkosaji ni nani. Kwa anayeanza kula, ninashauri muonjeshe vitu hivyo kimoja kimoja kwanza, siku tofauti, mchana mkiwa macho, ndipo uchanganye. Ila kitu ambacho tayari kimemletea mabaka au uvimbe usimjaribishie tena nyumbani ili uhakikishe. Jaribio hilo hufanyika hospitalini, adrenalini ikiwa karibu.

Hatua ya 4: Amua

Mpeleke kama mabaka, uvimbe au kutapika kumetokea ndani ya saa mbili baada ya chakula kilekile, hata mara moja kama ilikuwa wazi. Kama ana pumu pamoja na dalili za chakula. Kama pumu ya ngozi haitulii licha ya kutibiwa vizuri. Au kama umeanza kumwondolea vyakula na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala. Na mtoto mdogo anayetapika sana, analegea na kupauka saa moja hadi nne baada ya chakula fulani, bila mabaka yoyote, naye aende, kwani kuna aina ya mzio ambayo kipimo cha ngozi wala cha damu hakiioni.

Unaweza kusubiri kama ni vipele vya siku moja visivyo na uhusiano na chakula, au wekundu wa kuzunguka mdomo baada ya nyanya, machungwa au nanasi. Huo mara nyingi ni tindikali kuchoma ngozi tu.

Hatua ya 5: Uende wapi, na watafanya nini

Madaktari waliobobea kwenye mzio pekee ni wachache sana nchini, kwa hiyo usikae nyumbani ukimsubiri huyo. Mlango wako ni daktari bingwa wa watoto. Anza kituo chako cha afya, chukua rufaa, uende hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au upande kilimani Bugando. Kama una bima, beba karatasi ya rufaa, na uulize mapema kama kipimo chenyewe kinalipiwa.

Daktari mzuri atatumia muda mrefu kwenye maswali kuliko kwenye sindano. Kipimo cha ngozi ni tone la kitu kinachoshukiwa kwenye mkono au mgongo, wanachoma kidogo juu yake, mnasubiri dakika 15 hadi 20, kisha wanapima uvimbe. Uvimbe ukizidi kwa milimita 3 au zaidi ule wa tone la maji chumvi, linalowekwa kwa kulinganisha, inahesabiwa kuwa imeitika. Hakuna umri ambao mtoto ni mdogo mno kupimwa, ila dawa za kuzuia mwasho ziachwe siku tano hadi saba kabla, kwa maelekezo ya daktari. Cha damu, cha IgE (kingamwili ya mzio) ya chakula husika, hakiathiriwi na dawa hizo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kipimo kikiitika na mtoto hula chakula hicho bila shida, hana mzio wa chakula hicho. Kuna mahali, kabla hatujampata daktari wetu, walimtoa mwanangu damu wakanipa orodha ya vyakula 23 vya kuacha, yakiwemo mayai, maziwa, samaki na ngano. Nilitii. Miezi miwili baadaye kadi ya kliniki ikaonyesha amepungua gramu 600. Bado nikiikumbuka ile kadi naumia. Bingwa alipoona daftari aliuliza maswali kumi, akapima vitu vitatu tu, na vingine vyote akamrudishia siku ileile.

Na kwa sisi wa ukanda huu: ukiambiwa IgE ya jumla iko juu, au eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) ziko juu, uliza kwanza habari za minyoo na kichocho. Navyo huzipandisha.

Maswali ya wanachama

*Baba wa Nansio: Asante dada kwa somo. Wangu ana miaka miwili. Mama yake akikaanga dagaa, mtoto anakohoa na kifua kinapiga mluzi. Akila ndizi na maharage yuko sawa. Je, ni moshi au dagaa?*

Kaka, inaweza kuwa chochote kati ya hivyo viwili. Protini ya samaki inayoleta mzio haiharibiki kwa moto na husafiri na mvuke wa sufuria, lakini moshi wa kuni peke yake unambana mtoto mwenye pumu. Andika unachokumbuka: alipokaangwa sangara ilikuwaje, yalipokaangwa maandazi kwenye moto uleule ilikuwaje. Kwa sasa mtoto asikae jikoni, na usimpe samaki wa aina yoyote mpaka apimwe. Kwa kuwa mpo kisiwani na kivuko hakikusubiri, mimi ningempeleka bila kuchelewa, na leo hii ningeuliza kwenye kituo chenu kama wanayo adrenalini.

*Mama kijana, Igoma: Shikamoo mama. Alipewa amoksilini akiwa na homa, siku ya tano akatoka vipele. Kadi imeandikwa ana aleji ya penisilini. Hatatumia tena maisha yake yote?*

Marahaba mwanangu. Amoksilini ni ya jamii ya penisilini. Usiyafute maandishi hayo mwenyewe, na usimpe dawa hiyo kujaribu. Lakini vipele vinavyochelewa siku kadhaa wakati wa homa mara nyingi ni vya virusi, na watoto wengi wenye maandishi hayo wakipimwa hukutwa salama. Mpeleke akiwa mzima, asipelekwe akiwa mgonjwa, na uandike jina la dawa, siku ya ngapi, na kama alivimba au kuhema kwa shida.

*Mama wa mapacha, Buhongwa: Maziwa ya ng'ombe yanawajaza gesi na kuhara, ila hakuna vipele. Nimehamia ya mbuzi.*

Gesi na kuhara bila kingine inaweza kuwa tumbo kushindwa sukari ya maziwa, hasa baada ya kuharisha, na hiyo si mzio. Mweleze daktari kama kuna damu au utelezi kwenye choo. Maziwa ya mbuzi hayasaidii mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, protini zake zinafanana mno. La kutia moyo ni kwamba wengi wenye mzio wa maziwa au mayai hupona wakikua. Wa karanga ni wagumu zaidi, karibu mmoja kati ya watano ndiye hupona.

*Mama wa Nyegezi: Kaka mtu ana mzio wa karanga kama wako. Mdogo ana miezi mitano. Nimfiche karanga mpaka afike miaka mitatu, au?*

Hapana mama, ushauri huo umepitwa. Utafiti uitwao LEAP, uliotoka mwaka 2015 kutoka London, ulifuatilia watoto 640 waliokuwa kwenye hatari. Waliolishwa karanga mapema walipata mzio mara chache mno kuliko waliofichwa, kwa takriban asilimia 80. Kama mdogo ana pumu kali ya ngozi, daktari amwone kwanza. Kama hana, akianza kula mpe siagi ya karanga iliyolainishwa kwenye uji. Karanga nzima usimpe, zinapalia. Na mlishe mbali na kaka yake.

*Dada wa Pasiansi: Mimi shida yangu ni mama mkwe. Anasema tunamdekeza, zamani hayakuwepo. Ulifanyaje kwa bibi yake?*

Sikubishana naye. Nilimwonyesha picha ya shavu kwenye simu, akaiangalia kimya, akaweka kidole juu ya mdomo wake mwenyewe. Kisha nikamweleza kwamba maji matupu hayaondoi karanga mikononi, sabuni ndiyo inaondoa, na kwamba mdomoni zinabaki saa kadhaa. Siku hizi akishuka kwenye basi kutoka Magu ananawa kwa sabuni kabla hata ya kusalimiana, na michembe anailia kwa jirani. Siku aliyokula karanga hambusu. Anampapasa kichwani tu.