Kuhama folda hadi folda ukiangalia picha, bila kufunga na kufungua kila saa

Wadau wa studio na stationery hapa Mtwara mpaka Masasi na Lindi huko, hili naliandika kwa sababu linawatesa wengi. Mama wa mwali kaja kuchagua picha za unyago, unabonyeza mshale wa kulia zinaenda zinaenda, af ghafla inarudi picha ya kwanza, anaanza kuuliza mbona za ngoma hazipo? Zipo, ila ziko folda nyingine.

Fungua memori kadi, ingia folda ya DCIM (ndimo kamera inamoweka picha), utakuta 100CANON na pengine 101CANON (Nikon nyingine ni 100NIKON, Sony 100MSDCF). Namba za folda zinaanzia 100 mpaka 999, na namba ya picha mwisho wake 9999, sasa ikifika hapo kamera inafungua folda mpya katikati ya shughuli wala haikuulizi. Na programu nyingi za kuangalia picha, hata ile Photos ya Windows, zinakuonyesha folda moja tu ile uliyofungulia. Kwa hiyo kabla hujaformati kadi ya mtu ingia DCIM kwanza uangalie ziko folda ngapi, tafadhali sana.

Mi natumia IrfanView, programu ya kuangalia picha kwenye kompyuta ya Windows, kaitengeneza Irfan Škiljan, mtu wa Bosnia, ipo tangu 1996 na ni nyepesi hata kompyuta ya kizamani inaibeba. Nyumbani bure, kwenye biashara unatakiwa uilipie. Fungua picha yoyote, bonyeza herufi P, yanakuja mipangilio, nenda palipoandikwa Browsing / Editing, tafuta panapouliza ifanye nini ikifika mwisho wa folda, weka ile ya kuhamia folda inayofuata, OK. Basi. Kuanzia hapo unabonyeza spesi tu, 100 ikiisha inakupeleka 101 yenyewe, na kurudi picha ya nyuma ni Backspace. Chini kabisa ya dirisha kuna namba mfano 212/212, ukiona zimelingana ujue upo picha ya mwisho ya folda hiyo.

Ukitaka kuruka mbali bonyeza T, zinatokea picha ndogondogo na kushoto mti wa folda, unabofya unayoitaka. Mteja akisema "hiyo hapo nitolee" piga F8, inakopi kwenda folda ulioiandaa, mfano ZA KUPRINTI. F7 yenyewe inahamisha, kwenye kadi ya mteja usiiguse kabisa.

Majina nayo muhimu, andika 01-Saluni, 02-Nikahi, 03-Ukumbini, ukiandika 1, 2, 10 bila sifuri kuna programu zitaiweka 10 kabla ya 2 na mpangilio wote unavurugika.

Asiyependa kukariri vitufe achukue FastStone Image Viewer, programu nyingine ya kuangalia picha, nayo bure nyumbani, mti wa folda uko kushoto muda wote.

Na wale wanaoleta picha ndani ya simu, kuanzia Android 11 za WhatsApp ziko Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Images, na alizotuma yeye mwenyewe ziko ndani zaidi kwenye folda ya Sent, so kopi folda nzima kwenye kompyuta kwanza ndo uanze kuzipitia.